Mstari Nilioufuta Iringa

Mwaka ule nilikuwa naishi Ilomba, Mbeya, katika vyumba viwili vya kupanga, na kazi yangu ilikuwa kuunganisha hospitali na vituo vya afya vya Nyanda za Juu Kusini kwenye mtandao mmoja. Sikuwa daktari wala sikuwahi kumgusa mgonjwa. Nilishika kebo, ruta na kompyuta mpakato. Nilidhani kosa langu, liwe kubwa namna gani, litaishia kwenye mashine.

Katika mtandao wa zamani kila ruta iliamua yenyewe data ipite wapi. Halafu tukaletewa utaratibu mpya, ambao sisi mafundi tunauita segment routing. Sijawahi kumsikia mtu akiutaja kwa Kiswahili. Humo kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inaondoka na orodha kichwani: pita Makambako, ingia kwenye mashine fulani ukaguliwe, kisha nenda kwenye seva. Ruta za njiani zinasoma orodha na kutii, basi. Nilikaa Mbeya, nikaandika orodha kwenye kompyuta yangu, na data ya vituo vya Makongolosi au Madibira ikafuata nilichoandika. Niliupenda sana utaratibu ule. Labda niliupenda kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa hospitali moja mjini Iringa. Kwenye chumba chake cha seva kulikuwa na kisanduku cha kijivu, fayawoli ya siku nyingi, ambacho kilikagua kila kitu kilichotoka vituo vya nje kabla hakijafika kwenye mafaili ya wagonjwa. Kilikuwa kinakamata virusi vya kompyuta kila wiki. Lakini kilitengenezwa kabla ya hizi orodha. Kilipoiona pakiti yenye orodha kichwani, hakikujua ni kitu gani, kikaitupa. Hakikutoa hata ujumbe wa kosa. Upande wa Mbeya niliona data inaondoka, upande wa seva sikuona kitu.

Aliyekitunza alikuwa mama wa Kihehe aliyebakiza mwaka mmoja na kidogo kustaafu. Alianza kazi pale kama karani wa masjala, akajifunza kompyuta zilipoletwa, na mwisho akakabidhiwa chumba cha seva kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Alikuwa mfupi, mwenye sweta la bluu alilolivaa hata jua likiwaka. Siku ya kwanza nilipoingia alinisalimia, "Kamwene," akangoja niitikie vizuri ndipo akanionyesha kiti.

Nilimwambia kisanduku chake kinatupa data yangu.

"Hakitupi data yako," alisema. "Kinatupa kisichokijua. Ndiyo kazi kiliyopewa."

"Basi tukiondoe, Mama."

"Ukiniletea kingine kinachofanya kazi hii, nitakusaidia kukibeba kukitoa nje. Umekuja nacho?"

Sikuwa nacho. Kingine kilikuwa kimeombwa na hakuna aliyejua kitafika lini. Akaniambia kwamba amesikia kuna namna ya kuweka proksi, yaani mashine ya kusimama mbele ya kisanduku, iipokee pakiti kwa niaba yake, iivue ile orodha na kukipa pakiti isiyo na orodha. Ikishakaguliwa na kutoka, iivishe tena orodha na kuiachia iendelee na safari. Kisanduku kisijue chochote. Nilikuwa nimesoma habari hiyo. Nilimjibu kwamba inachukua muda, na bosi wangu alitaka mtandao mpya ukabidhiwe wiki ile ile.

"Muda upo," alisema Mama. "Mimi naenda Mufindi kwenye msiba wa shemeji yangu. Nikirudi Jumatatu tutaanza."

Aliondoka Alhamisi asubuhi. Alhamisi mchana bosi alinipigia mara tatu. Mara ya tatu hakusema mengi, aliuliza tu kama atafute mtu mwingine. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua orodha za njia zote zinazoingia Iringa, nikafuta mstari mmoja: ule uliosema data ipite kwenye kisanduku. Mtandao ukafunguka papo hapo. Picha za eksirei zikaanza kwenda Mbeya kwa daktari bingwa, majibu yakaanza kurudi, na bosi akanitumia ujumbe wa pongezi. Nilijiambia ni siku tatu tu, Jumatatu nitaurudisha mstari. Nikapanda basi kurudi nyumbani, nikala vizuri, na Jumapili nikaenda kanisani.

Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, mtu wa hospitali alinipigia simu akisema mafaili hayafunguki. Kila wakibonyeza, wanaona maandishi ya kigeni. Kirusi kilikuwa kimeingia kutoka kituo kimojawapo cha afya, ambako mtu alichomeka flashi kwenye kompyuta ya ofisi. Jambo la kawaida, lililotokea mara nyingi kabla ya hapo, na mara zote kisanduku kilikizuia. Safari hii kirusi kilipita pembeni yake bila kukaguliwa, kikafika kwenye seva na kufunga kumbukumbu za wagonjwa na mfumo wa picha.

Nitasema nilichokifanya baada ya simu ile, maana ndicho kinachoniumiza zaidi kuliko kufuta. Kabla sijatoka nyumbani, nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai, nilirudisha mtandao wote kwenye utaratibu wa zamani. Nilifanya hivyo kwa dakika chache, kutoka Mbeya. Kwa hiyo waliokuja kukagua baadaye walikuta data yote inapita kwenye kisanduku, kana kwamba haijawahi kupita kwingine. Ilionekana wazi kuwa kisanduku kilikuwepo, kilikuwa kinafanya kazi, na kimeshindwa.

Nilifika Iringa mchana. Hospitali ilikuwa imerudi kwenye karatasi. Wauguzi waliandika kwa mkono kwenye madaftari ya shule waliyonunua dukani ng'ambo ya barabara, na watu wa mapokezi walipiga kelele majina kwenye korido. Mama alikuwa amerudi kutoka msibani, bado amejifunga kanga kiunoni. Alinisalimia, akaendelea na kazi. Tulifanya kazi ya kusafisha seva siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa.

Jumatano nilitoka kwenda kununua maji, nikapita kwenye korido ya wodi ya wanawake. Mwanamke wa makamo alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, mumewe amesimama pembeni ameshika viatu vyake mkononi, vile vya mkewe, vya plastiki. Mume aliniona na kitambulisho shingoni, akadhani ni mfanyakazi wa pale.

"Samahani, daktari," aliniambia. "Picha za kichwa zilishapigwa jana. Tunaambiwa zisomwe Mbeya, mashine ya kutuma imekufa. Itapona lini?"

"Mimi si daktari," nikasema. "Imekuwaje?"

"Aliteleza na mzigo wa kuni, mlimani kwetu, upande wa Kilolo. Alianguka, akaamka, akapika. Siku zikapita. Sasa mkono huu wa kushoto unalegea."

Yule mwanamke alinitazama. Nilimwambia mumewe kwamba tunajitahidi. Nikarudi chumba cha seva bila maji.

Alhamisi asubuhi wakaamua kutosubiri tena. Wakampakia kwenye gari la wagonjwa na picha zake ndani ya bahasha, wakampeleka Mbeya. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa Ijumaa. Mama ndiye aliyenieleza baadaye kwamba alipona, akarudi kijijini, lakini mkono wa kushoto haukurudi sawa. Nilimuuliza kama madaktari walisema ni kwa sababu ya kuchelewa. Alisema hawakusema hivyo, wala hawakusema sivyo.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata, ofisini kwa Mganga Mfawidhi. Tulikuwa watu saba. Bosi wangu alikuja na karatasi zake, akaeleza kwamba mtandao mpya haukuwa na tatizo. Akasema kisanduku kimeshindwa kazi. Msimamizi mmoja wa pale akasema, "Mashine imezeeka. Na anayeitunza naye..." Hakumalizia, ila kila mtu alimsikia.

Mganga Mfawidhi akamgeukia Mama. "Unasemaje?"

Mama alikuwa na daftari lake mapajani. Alikuwa na kawaida ya kuandika humo, kila asubuhi, namba ambazo kisanduku kinaonyesha: pakiti ngapi zimeingia, ngapi zimetupwa. Alilifungua, akalitazama, akalifunga. Kisha akanitazama mimi. Hakunikazia macho kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema.

Mimi nikatoa simu mfukoni nikajifanya nasoma ujumbe.

"Naomba nisijibu leo," Mama akasema.

Kutokujibu huko wakakuhesabu kuwa ni jibu. Baada ya wiki mbili nilisikia kwamba amenyang'anywa funguo za chumba cha seva na kuambiwa achukue likizo mpaka siku yake ya kustaafu itakapofika. Mtu aliyeniambia alikuwa mwenzangu wa kazini, na alicheka kidogo wakati akisema. Tulikuwa tumekaa kibandani tunakula chipsi. Sikumaliza sahani yangu.

Nilimpigia Mama simu kesho yake nikiwa nimesimama nje ya nyumba yangu Ilomba. Aliitikia kwa sauti ya kawaida, nyuma yake kuku wanasikika.

"Mama, ulijua," nikasema.

"Nilijua Jumatatu ile ile. Namba za kisanduku zilikuwa karibu zile zile nilizoandika Alhamisi kabla sijaondoka. Siku tatu nzima hakijaona hata pakiti moja. Sasa kitashindwaje kuzuia kitu ambacho hakikukiona?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umekamatwa. Nilitaka useme mwenyewe. Wewe bado una miaka mingi ya kukaa na watu mwanangu, mimi nimebakiza michache." Kisha akaongeza, na sauti yake ikabadilika, "Lakini usidhani haijaniuma. Nimepita sokoni watu wananitazama. Kwaya nimeacha kwenda."

Niliondoka Mbeya asubuhi iliyofuata kwa basi la kwanza. Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga na ukungu wake, sikuona kitu. Nilikuwa narudia maneno kichwani. Nilipofika kwa Mganga Mfawidhi maneno yote yalipotea, nikasema tu, "Kisanduku hakikushindwa. Mimi niliipitisha data pembeni yake. Halafu nikaficha."

Aliniambia nikae. Aliniuliza maswali kwa muda mrefu na kuandika kila jibu. Alikuwa mtu mpole, na siku ile upole wake ulikuwa mgumu kuubeba kuliko kelele. Mwisho akauliza, "Kuna mtu alikutuma kufuta?"

Nilimfikiria bosi wangu na simu zake tatu. "Hapana," nikasema. "Hakunituma mtu."

Nilipata barua ya onyo kali, na nikaambiwa kwamba baada ya kazi ya Iringa kuisha nitahamishiwa Makongolosi. Mama alirudishiwa funguo mbele ya wafanyakazi wote, wakati wa sala ya asubuhi, na Mganga Mfawidhi akamwomba radhi kwa mdomo wake. Nilikuwepo. Nilitakiwa niseme na mimi, nikasema. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Twende tukafanye ile proksi."

Tuliifanya kwa wiki tano. Tulipata kompyuta ndogo isiyo na skrini, tukaiweka juu ya kisanduku, kebo moja ya kuingilia na moja ya kutokea. Kuvua orodha ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa kuirudisha. Pakiti ikishatoka kwenye kisanduku haina orodha. Proksi itajuaje kama ilikuwa ya Madibira au ya Makongolosi, na inatakiwa kuendelea wapi? Mimi niliiandikia ikumbuke: pakiti yenye anwani hii, orodha yake ilikuwa hii. Tulijaribu siku nzima. Nusu ya pakiti zilitoka zikapotea.

Mama alisoma daftari lake, akagonga kisanduku kwa kidole. "Kinabadilisha anwani ya mtumaji. Kila kinachopita hapa kinatoka na jina jingine. Kiliwekwa hivyo zamani ili vituo visionekane kutoka nje. Wewe unamtafuta mtu kwa jina aliloingia nalo."

"Sasa tufanyeje?"

"Kina milango minane ya kebo. Miwili tu ndiyo inatumika. Hii sita ina vifuniko vya plastiki tangu kilipoletwa. Kila njia ipe mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Ukiona imetokea mlango huu, ni ya Madibira, uirudishie orodha ya Madibira. Huna haja ya kukumbuka chochote."

Ilikuwa ni kazi ya nusu siku, na mimi nilikuwa nimeumiza kichwa wiki nzima. Tulivitoa vifuniko kwa kisu cha jikoni, vimekauka vinakatika. Alichora kwenye daftari njia tatu na milango sita, tukafunga kebo na kuziandika kwa kalamu ya wino mzito. Siku tulipoiwasha alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, mikono ndani ya sweta, anasoma namba. "Zinasogea," akasema. Nikapima kutoka Madibira, ikafika. Nikajaribu makusudi kutuma faili lenye kirusi cha majaribio. Kisanduku kikalikamata.

Sikushangilia. Wala yeye. Tulikwenda kantini ya hospitali tukanywa chai.

Ni pale kantini nilipomwambia kuhusu yule mwanamke wa Kilolo. Nilimwambia kwamba nimeshakiri kwa mganga na kwa wafanyakazi, lakini yeye hajui chochote. Mama hakunishauri niende wala nisiende. Aliuliza tu, "Unajua njia?"

Tulikwenda Jumamosi, Mama akiwa ameomba jina la kijiji kwa muuguzi aliyemfahamu, na muuguzi akampigia kwanza mwanamke mwenyewe kumuuliza kama anataka wageni. Alikubali. Gari lilituacha barabarani, tukashuka kwa miguu kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, ule mwingine ameulaza juu ya paja. Mama alimsalimia Kihehe kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watoto na za mvua. Kisha akanyamaza ili niseme.

Nilisema Kiswahili, polepole. Sikutaja orodha wala proksi. Nilisema kwamba mashine iliyokufa wiki ile haikufa yenyewe. Niliondoa kitu cha kuilinda kwa sababu nilikuwa na haraka, na ndiyo maana picha zake hazikwenda.

Aliacha kupukuchua. "Kwa hiyo huu mkono ungepona?"

"Sijui, mama. Madaktari hawakusema. Siwezi kukudanganya kwamba ungepona, wala kwamba usingepona."

Alitazama shambani. Kisha akaita kwa nguvu jina la mumewe, ambaye alikuwa nyuma ya nyumba. Mwanamume akaja, yule yule wa viatu vya plastiki, mikono ina udongo.

"Sema tena," mwanamke akaniambia. "Sema tena na huyu asikie."

Nikarudia yote. Mwanamume alisikiliza amesimama. Nilipomaliza, mkewe alisema, si kwangu bali kwake, "Mimi nilikuwa nasema ni wewe. Miezi yote hii. Nilisema hukuwabembeleza wale madaktari, ulisimama tu na viatu mkononi."

Mume alijifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akageuka akarudi nyuma ya nyumba. Mama alinigusa bega, kuniambia nisimfuate. Tulikaa. Mwanamke alianza tena kupukuchua, lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mkono mzima ulikuwa na kazi.

Baadaye mwanamume alirudi amebeba kigoda cha pili. Akakiweka karibu na mkewe, akaketi, akachukua hindi kutoka mkononi mwake, akaanza kupukuchua yeye. Ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile.

"Sasa hivi inatuma?" akauliza. "Mtu akipelekwa leo?"

"Inatuma," nikasema.

"Basi sawa," akasema, akainamia mahindi. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza.